Dada, Ulijua? Tulioisoma na Walioitazama "Game of Thrones"

(Hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa chama chetu cha wasomaji, Dar es Salaam. Nimeisafisha kidogo, lakini vicheko nimeviacha.)

Mwenyekiti, wazee wangu mliotangulia kuketi, walimu wenzangu, na nyie vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa niseme neno juu ya kitabu kinapogeuzwa kuwa tamthilia. Nadharia ninazo, kabati zima, lakini leo ni Jumamosi na feni moja imegoma. Kwa hiyo nitawasimulia habari ya mdogo wangu na harusi.

Ilikuwa Juni 2013. Ile sehemu ya harusi katika "Game of Thrones", tamthilia ya runinga iliyotokana na vitabu, ilirushwa Marekani Jumapili ya tarehe 2. Kwetu sebuleni iliingia siku chache baadaye, imelala ndani ya flashi, imetoka kwa kijana mmoja mwenye duka la kuuza sizoni, ambaye kama mnavyojua haulizwi kaitoa wapi. (Kicheko.) Mwalimu wa fasihi nasimama mbele yenu nakiri wizi. Endeleeni kunisikiliza hivyo hivyo.

Sasa mimi kitabu nilikuwa nimekwisha kukisoma. Kitabu cha tatu cha George R. R. Martin, kile kilichotoka mwaka 2000. Nilikipata kwenye vitabu vya mtumba vinavyotandikwa chini kule Posta, jalada limeng'oka, kurasa za mwanzo zimenyonya maji ya mvua. Nilikuwa najua kinachokuja. Mdogo wangu alikuwa hajui.

Kwa ambao hamkuitazama, niwape kwa ufupi. Robb Stark ni kijana aliyetangazwa mfalme na watu wa Kaskazini baada ya baba yake kukatwa kichwa hadharani. Alimwahidi mzee mmoja, Walder Frey, kwamba atamwoa binti yake, kisha akamwoa mwanamke mwingine aliyempenda. Mambo ya vijana. Sasa anarudi kwenye ngome ya mzee huyo kuomba radhi, yeye na mama yake na jeshi lake, na mjomba wake ndiye atakayeoa ili aibu ifutike. Wanapofika wanapewa mkate na chumvi. Desturi ya nchi ile ni kwamba mgeni akishaonja mkate na chumvi vya mwenyeji, hakuna wa kumgusa tena, hata kama jana mlikuwa mnachinjana.

Mdogo wangu alipoona ule mkate alijiegemeza kwenye kochi akanyoosha miguu. Sisi tuliolelewa kwa "mgeni njoo mwenyeji apone" tulimwamini yule mzee haraka mno.

Watu wanakula, wanakunywa, maharusi wanapelekwa chumbani. Kisha mtu mmoja anakwenda kuufunga mlango wa ukumbi. Polepole, kama anayezuia upepo. Wapiga muziki juu roshanini wanabadilisha wimbo, na Catelyn, mama yake Robb, anautambua: ni wimbo wa ukoo wa maadui zao, Lannister. Anamgeukia bwana aliyeketi kando yake, anamshika mkono, anapandisha kidogo ile nguo. Ndani kavaa deraya. Harusini, mtu kavaa deraya ya chuma.

Mimi wakati huo sikuwa natazama runinga. Nilikuwa namtazama mdogo wangu. Aliishusha miguu sakafuni. Alisogea mbele mpaka magoti yakagusa meza, na kikombe chake cha chai kikabaki hewani, hakinyweki wala hakiwekwi chini. Alipochomwa kisu yule mke mwenye mimba, alisema "Hapana," kwa sauti ndogo, kama anayemkatalia mtu aliye chumbani. Mpaka majina ya wahusika yanapanda kwenye kioo, bila muziki, hakuwa amesema neno jingine. Halafu akageuka.

"Dada, ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu msimu wa kwanza."

"Ukaniacha nimpende yule kijana misimu mitatu?"

Siku mbili hakunisemesha. (Kicheko.)

Wiki ile ile dunia ilijaa video za watu waliorekodiwa wakiitazama harusi ile: wanaoziba midomo, wanaojifunika mito, wanaosimama na kutoka nje. Na ukizitazama vizuri utagundua jambo. Anayeshika kamera, mara nyingi, ni yule aliyesoma kitabu. Alijua dakika ipi aanze kurekodi. Watu walikaa na habari ile miaka 13. Waliketi na wenzi wao, na ndugu, na wafanyakazi wenzao, wakisikia "huyu Robb atalipiza kisasi cha baba yake", wakasema "tutaona". Sisi tunaosema usimwage mtama penye kuku wengi tulipaswa kuwapa nishani watu wale.

Martin mwenyewe amesema sura ile aliiandika mwisho kabisa, kitabu kizima kikiwa tayari, kwa jinsi ilivyomwelemea. Na hakuiokota hewani. Amewataja Waskoti: mwaka 1440 Earl kijana wa Douglas na ndugu yake walialikwa chakula katika ngome ya Edinburgh wakaishia kukatwa vichwa, na mwaka 1692 huko Glencoe askari walikaribishwa na kulishwa kwa siku kadhaa, kisha wakawaua wenyeji wao usiku. Hayo niliyajua baadaye. Usiku ule nilijua tu kwamba nimemuumiza mdogo wangu kwa kunyamaza, na kwamba ningesema ningemnyang'anya kitu kikubwa zaidi.

Tamthilia hii basi ilikuwa na watazamaji wa namna mbili kwenye kochi moja: waliojua na wasiojua. Wasiojua walikuja kushtuka. Waliojua tulikuja kuwatazama wakishtuka, na pia, tuseme kweli, tulikuja kulalamika.

"Kitabuni si hivyo." Hiyo ndiyo ilikuwa sala yetu. Mke wa Robb kitabuni si yule, na wala hafi harusini. Catelyn kitabuni anarudi, maiti iliyofufuliwa, koo limekatwa, anawanyonga waliomsaliti mmoja mmoja. Kwenye runinga hakurudi kabisa. Nimelalamikia hilo mpaka mwenye nyumba wangu analijua.

Mnakumbuka tulivyosimuliwa hadithi tukiwa wadogo. Bibi anasema "Paukwa!", mnaitika "Pakawa!". Sasa kila nyumba ilikuwa na mtoto mmoja aliyeisikia hadithi ile jana, na leo anamkatiza bibi: "Bibi, jana sungura alipita mtoni, hakupita shambani!" Sisi wasomaji tulikuwa mtoto yule. Na bibi yangu mimi alikuwa na jibu moja tu: "Haya, simulia wewe." Unanyamaza. Lakini usidhani yule mtoto ni msumbufu bure. Yeye ndiye aliyeshika kwamba sungura akipita shambani, mamba wa mwisho wa hadithi hatakuwa na kazi.

Chukueni habari ya Sansa, dada yake Robb. Mwaka 2015, msimu wa tano, tamthilia ilimwoza kwa Ramsay Bolton, mwana wa yule bwana wa deraya, na usiku wa harusi akabakwa huku Theon, aliyekulia nyumbani kwao, analazimishwa kutazama. Kitabuni anayeolewa na Ramsay si Sansa. Ni rafiki yake, Jeyne Poole, binti wa mtumishi, aliyevishwa jina la Arya Stark, mdogo wake Sansa, ili watu wadhani koo mbili zimeungana. Kwa waandaaji ilikuwa hesabu nyepesi: mbona tumlete msichana asiyekumbukwa na mtu, ilhali tunaye anayependwa? Hasira ilikuwa kubwa. Seneta wa Marekani, Claire McCaskill wa Missouri, alitangaza hadharani kwamba yeye na tamthilia hiyo basi. Wengi walikasirikia ukatili wenyewe, na walikuwa na haki. Mimi nilikasirika kwa hilo, na kwa jingine la mtoto wa hadithi: kwa nini yule mjanja Littlefinger, mlezi wake Sansa, amkabidhi binti aliyemhangaikia hivyo kwa mtu asiyemjua tabia? Hakukuwa na jibu. Palitakiwa tukio, sababu zikaachwa njiani. Ilikuwa mara ya kwanza nikaona ufa ukutani, na nilidhani ni rangi tu imebanduka.

Maana kulikuwa na jambo jingine linakuja. Kitabu cha tano kilitoka Julai 2011, miezi mitatu baada ya tamthilia kuanza. Cha sita tunakisubiri mpaka leo. Tamthilia haikusubiri, ilikuwa na ratiba, mishahara, na watoto waigizaji wanaoota ndevu. Kufika msimu wa sita, 2016, ikampita mwandishi. Bibi alikuwa amesinzia katikati ya hadithi, na kijana aliyeketi karibu naye akaamua kuendelea.

Mdogo wangu alifurahi ajabu. "Sasa tuko sawa," akaniambia. Na kweli, kwa mara ya kwanza niliketi pale sijui chochote.

Ndipo ikaja sehemu ya Hodor. Jitu kubwa, pole, linalombeba mtoto mlemavu mgongoni, na neno lake moja maisha yote: Hodor. Miaka 5 tumelicheka. Mei 2016 tukaambiwa neno lile limetoka wapi: ni amri aliyoisikia akiwa mtoto, kwa uchawi, kutoka siku ya kifo chake mwenyewe. Zuia mlango. Kwa Kiingereza maneno yale, "Hold the door", yanasagika mdomoni mpaka yanabaki "Hodor". Watafsiri wa lugha nyingine walipata taabu, na mimi nilikesha siku mbili nikitafuta ya Kiswahili. "Zuia mlango" huisagi ikawa Hodor hata ukiwa na meno ya mbwa. Kisha nikakumbuka: sisi tunalo neno la mlangoni, karibu kabisa na jina lake. Hodi. Ila sisi tunalisema ili tufunguliwe. Yeye aliuzuia mlango kwa mgongo wake hadi akararuliwa. Mdogo wangu hakunionea huruma. Aliona nalia akasema, "Leo na wewe umejua ladha yake."

Haya. Mwaka 2019.

Nipite haraka penye vichekesho. Usiku wa vita vikubwa dhidi ya wafu, Aprili 28, tamthilia ilipigwa gizani mno hata watu wakashindwa kuona nani anamuua nani. Mpiga picha mkuu alijitetea kwamba tatizo si picha, ni mipangilio ya runinga za watu. Wenye runinga nzuri walilalamika; sisi wa flashi na kompyuta mpakato tulisikiliza redio. (Kicheko.) Wiki iliyofuata kikombe cha kahawa cha karatasi kilisahauliwa mezani mbele ya malkia Daenerys. Walikifuta baadaye.

Kisha zikalia kengele.

Daenerys tulimjua tangu ni binti anayeuzwa na kaka yake kwa farasi na jeshi. Tulimwona akiingia motoni na kutoka na majoka matatu. Alivunja minyororo ya watumwa. Watu walimpenda hata wakawapa watoto jina lake, au wakidhani ni jina: Marekani, mwaka 2018 pekee, wasichana zaidi ya 500 waliandikishwa kwa jina la Khaleesi, ambalo ni cheo, maana yake mke wa kiongozi. Tusiwacheke sana. Hapa chumbani nawaona akina Malkia wawili na Sultan mmoja. (Kicheko.)

Tarehe 12 Mei mji umesalimu amri. Askari wametupa panga chini. Kengele zinalia, ishara kwamba basi, imekwisha. Yeye yuko juu ya ukuta, mgongoni mwa joka lake. Kamera inabaki usoni. Anaitazama ngome iliyojengwa na babu zake. Anahema. Mdomo unatetemeka, uso unakunjamana, hasemi neno. Kisha joka linaruka, na badala ya kwenda kwa adui yake ngomeni, linaanza kuchoma mitaa. Wamama na watoto.

Mdogo wangu alizima. Hakuvunja kitu, hakupiga kelele. Alichomoa flashi, akaifungia kwenye droo ya meza ya runinga, na sehemu ya mwisho hajaitazama mpaka ninaposimama hapa. Lakini alitia saini waraka uliokuwa ukizunguka duniani kudai msimu wa nane uandikwe upya na waandishi wanaojua kazi, waraka uliokusanya saini zaidi ya milioni 1.5. Mtu ambaye hajawahi kutia saini hata daftari la mahudhurio la kikao cha ukoo.

Nilibishana naye sana, na ubishi wangu ndio nilioutoa nyumbani kuja nao. Nilimwambia: wewe ulishangilia. Alipofika mji wa Meereen akawasulubisha mabwana 163 njiani, hapo hapo kwenye kochi hili ulisema "safi". Alipomchoma baba pamoja na mwanawe kwa kukataa kupiga magoti, ulisema "wamejitakia". Dalili zilikuwa wazi, tulizipigia makofi. Na mwisho mkubwa wa hadithi waandaaji waliambiwa na Martin mwenyewe. Kwa hiyo kuchoma mji si kosa.

Alinijibu kwa neno moja ambalo sijalipata kwenye kabati langu lote la nadharia: "Sawa, lakini wamemkimbiza."

Na hapo, ndugu zangu, nilikubali. Msimu wa kwanza baba yake Robb anaondoka kwao sehemu ya pili, anafika mjini sehemu ya tatu, na njiani yanatokea mambo ya kutosha kuharibu urafiki wa koo mbili. Msimu wa saba watu wamekwama juu ya barafu mbele ya jeshi la wafu, kunguru anarushwa, anavuka bara, malkia anasoma barua, anapanda joka, anafika, na wale bado wamesimama wanatetemeka. Misimu sita ya kwanza ilikuwa na sehemu 10 kila mmoja. Wa saba ukawa na 7, wa nane 6. Na kituo cha runinga kilikuwa tayari kuwapa waandaaji sehemu zaidi. Ni wenyewe walioamua kufupisha.

Kwenye kitabu kila sura ina jina la mtu juu yake, na ukiingia umo kichwani mwake. Daenerys akikasirika unasikia hasira inavyochemka, anavyojituliza, anavyojidanganya. Martin angeweza kutupitisha kurasa 300 ndani ya kichwa kile mpaka kengele zikilia sisi wenyewe tumeshachoka na huruma. Runinga haina kichwa cha mtu. Ina uso tu. Uso unaweza kusema mengi ukipewa muda, na yule mwigizaji, Emilia Clarke, aliusemesha kadiri alivyoweza. Alipewa sekunde chache kufanya kazi ya kitabu kizima ambacho hakijaandikwa.

Usiku wa mwisho, Mei 19, waliotazama Marekani walikuwa milioni 19.3. Ilianza 2011 na milioni 2.2. Septemba ikazoa tuzo 12 za Emmy, zile tuzo za runinga za Marekani, ya tamthilia bora ikiwemo. Watu wakiwa na hasira ya namna ile ujue hawajaondoka.

Nina moja zaidi kabla mwenyekiti hajanionyesha saa. Mwaka 2022 ikaja tamthilia ya pili, "House of the Dragon", inayotokana na kitabu kingine cha Martin. Humo kuna malkia, Helaena, anayeingiliwa chumbani usiku na wauaji wawili. Kitabuni wanamlazimisha achague ni yupi kati ya wanawe wawili wa kiume afe. Anamtaja mdogo, Maelor, ambaye hajui hata kinachosemwa. Wanamuua mkubwa, na kumwachia yule aliyemchagua afe. Fikirini mama huyo atamtazamaje mtoto huyo asubuhi. Kwenye tamthilia Maelor hayupo. Hakuzaliwa. Mtoto wa miaka miwili ni shida kumwigizisha, na ni gharama.

Septemba 2024 Martin akaandika hadharani kulalamikia hilo. Alieleza kwamba ukimwondoa mtoto yule mdogo, mambo mengi ya mbele yanakosa miguu ya kusimamia. Maandishi yale hayakukaa siku mbili, yakaondolewa. Nilipoyasoma nilicheka peke yangu jikoni. Bibi mwenyewe, mwenye hadithi, ameketi na watoto mkekani, anakatiza: "Jana sungura alipita mtoni!"

Mdogo wangu naye nina habari zake. Mwaka huu, baada ya miaka yote hii ya kuniambia vitabu vile ni vinene kama matofali, aliazima kwangu cha kwanza. Nilidhani atakitumia kuegeshea mlango. Juzi, saa tano usiku, akanipigia.

"Dada, nimefika pale uwanjani. Arya amepanda kwenye sanamu, baba yake ameletwa mbele ya watu."

"Ehe."

"Nimefunga kitabu."

"Si ulishaona kwenye runinga? Miaka mingapi iliyopita?"

"Niliona, najua. Lakini wewe si huwa unasema kitabuni si hivyo?"

Nikamwambia nina hotuba ya kuandaa, nikakata simu.

Ahsanteni sana.